Kompyuta ya Gemu na Waya wa Nyumba Uliozidiwa

Nimetakiwa nizungumzie kompyuta za gemu na breka zinazoanguka, nami nitaanza na hesabu, kwa sababu ugomvi mwingi wa umeme majumbani hutokana na watu kulaumiana bila hesabu. Kijana anasema ni pasi. Mama anasema ni hiyo kompyuta. Baba mwenye nyumba anasema ni wapangaji wote.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, iwe Sinza, Tabata au Mbagala. Mara nyingi fundi aliyeifunga umeme miaka ya nyuma aliigawa sehemu mbili tu: taa peke yake, soketi peke yake. Soketi zote za vyumbani na sebuleni zinategemea breka moja, tuseme ya ampea 16. Umeme wetu ni wa volti 230. Zidisha 230 kwa 16, unapata wati 3,680. Sasa piga hesabu ya saa mbili usiku: jagi la umeme wati 2,000, pasi 1,200, kompyuta ya gemu na skrini yake 600, friji, televisheni, feni na chaja za simu kwa pamoja 400. Jumla ni 4,200, yaani ampea 18 na ushei. Tumeshazidi.

Wengi hudhani kwamba breka ikiandikwa 16, mzigo ukifika 17 itaanguka papo hapo. Sivyo. Kiwango cha kimataifa cha breka za majumbani, IEC 60898, kinataka breka ivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kuanguka, na ianguke ndani ya saa moja mzigo unapofika mara 1.45. Kwa breka ya 16, hizo ni ampea 18 na ampea 23. Kati ya namba hizo mbili breka inaweza kuanguka mapema, inaweza kuchelewa, na ndiko nyumba nyingi ziliko kila jioni. Ndani yake mna bamba dogo la metali mbili linalopinda kadiri linavyopata joto, na joto hilo hujengeka polepole. Kompyuta imewashwa tangu saa moja, friji linanguruma, pasi imechomekwa, kisha mtu anawasha jagi la chai na nyumba inaingia giza. Lawama zinamwangukia aliyechomeka mwisho, ilhali joto lilikuwa linajengeka tangu mapema.

Kwa hiyo tuwe na macho ya kutenganisha mzigo wa kupita na mzigo wa kukaa. Jagi la wati 2,000 huchemsha lita moja na nusu kwa dakika nne hivi, likajizima. Pasi hujiwasha na kujizima yenyewe. Kompyuta ya gemu haifanyi hivyo. Ikianza mechi inakula, inaendelea kula saa tatu, saa tano, na siku za likizo hadi usiku wa manane. Kati ya vyombo vyote nilivyovitaja, ni hicho peke yake ambacho mtumiaji anaweza kukaa kwenye kiti chake, akabadilisha mipangilio michache, na kukipunguzia theluthi ya umeme bila kununua kitu na karibu bila kuona tofauti kwenye skrini. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia.

Ila nisimdanganye mtu. Ukiishusha kompyuta yetu kutoka wati 600 hadi 380, jumla ya saa mbili usiku inakuwa 3,980, ampea 17 na kidogo. Bado imezidi. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoruhusu jagi na pasi viwake pamoja juu ya waya huo huku mambo mengine yakiendelea. Jagi lisubiri pasi, au pasi isubiri jagi, hilo halina mjadala. Faida ya kuipunguza kompyuta inaonekana zaidi pale mashine zinapokuwa mbili, au kiyoyozi kinapokuwa kwenye laini hiyohiyo, na hasa katika mabanda ya gemu tunayoyaona mitaani, ambako mashine nne hukaa kwenye soketi moja ya ukutani. Mashine nne za wati 600 ni 2,400. Zikishushwa hadi 380 ni 1,520. Wati 880 zimeachiwa waya upumue kutwa nzima.

Kabla sijaingia kwenye kompyuta yenyewe, niruhusuni niseme kwa nguvu juu ya dawa mbaya inayotumika mitaani. Breka ya 16 inaanguka, mtu anamwita fundi amwekee ya 32. Breka haianguki tena, watu wanafurahi. Lakini waya uliomo ukutani ni uleule. Namba ya breka iliwekwa kwa ajili ya waya: waya wa milimita 1.5 mraba, ule wa taa, au wa 2.5, ule wa soketi. Ukiweka breka ya 32 mbele ya waya wa 1.5 umeuondolea waya mlinzi wake, na kitakachofuata kupata joto ni plastiki inayoufunika, ndani ya ukuta au juu ya dari kwenye mbao. Nasema hivyohivyo kwa wanaofunga kipande cha shaba mahali pa fyuzi iliyoungua. Watoto wamelala chini ya dari hiyo. Fundi anayekubali kazi hiyo bila kuuangalia waya kwanza, msimwite tena.

Ekstensheni nazo tuziangalie. Nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo zina waya wa 0.75, na waya mwembamba namna hiyo unakadiriwa kubeba ampea 6, wakati plagi yake ya miguu mitatu ina fyuzi ya 13. Maana yake fyuzi haitaungua mpaka waya umeshateseka. Kompyuta na skrini peke yake, ampea 2.6, hazitaudhuru. Shida ni pale kijana anapochomeka hapohapo feni, spika, na mama anakuja na pasi. Ekstensheni ya kompyuta iwe ya kompyuta. Isiviringishwe ikiwa inafanya kazi, isipite chini ya zulia wala godoro, na ishikwe kwa mkono kwenye plagi baada ya saa moja ya mchezo. Plagi ikiwa ya moto, kiungio kimelegea. Joto la kiungio huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo kushuka kutoka ampea 2.6 hadi 1.65 kunaliacha joto la kiungio hicho kwenye asilimia 40 tu ya lile la mwanzo.

Sasa tuje kwenye mashine. Kwa nini zinakula hivi? Mwaka 2016 kadi ya grafiki ya GTX 1080 ya Nvidia ilikadiriwa wati 180, na ilikuwa miongoni mwa kadi kali za wakati huo. Mwaka 2020 ikaja RTX 3090 ya wati 350. Mwaka 2022 RTX 4090, wati 450. Mwaka 2025 RTX 5090, wati 575, karibu nusu ya pasi yetu, kwa kadi peke yake. Wengi wetu hapa hatuna kadi hizo, tuna RTX 3060 ya wati 170 au za mtumba zilizoshuka bei, lakini tabia ya zote ni moja. Kiwandani hupangwa zikimbie karibu na ukingo wa uwezo wao, kwa sababu zitapimwa na kushindanishwa, na kadi itakayoshinda kwa asilimia tatu ndiyo itakayouzwa.

Asilimia hizo za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Umeme unaoliwa na chipu hufuata mwendo wake ukizidishwa kwa mraba wa volti yake. Ukitaka mwendo zaidi, lazima uongeze volti ili chipu isitetereke, na volti inahesabiwa mara mbili. Tuseme chipu inakwenda kwa volti 1.05. Ukiweza kuifanya iende mwendo uleule kwa volti 0.90, umeme wake unashuka kwa zaidi ya robo: gawanya 0.90 kwa 1.05, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.73. Sijapunguza mwendo hata kidogo katika hesabu hiyo. Nikikubali na mwendo upungue asilimia tano, inashuka zaidi.

Lakini kwanza pimeni. Kuna vipima wati vya kuchomeka ukutani, na mwenye nacho ana bahati. Asiye nacho aende kwenye mita ya LUKU. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti, kwa mfano 1,000 imp/kWh. Zimeni vitu vyote vya nyumba isipokuwa kompyuta iliyo katikati ya mchezo, mhesabu mipepeso ya dakika moja. Kwa mita ya 1,000, kila mpepeso kwa dakika ni wati 60. Ikipepesa mara kumi, kompyuta inakula wati 600. Hesabuni dakika mbili au tatu mpate wastani. Baada ya kila badiliko nitakalolitaja, rudini kwenye mita mkahesabu tena. Namba ya pawasaplai isiwatishe: ile 850 iliyobandikwa ubavuni ni kiasi cha juu ambacho pawasaplai inaweza kutoa, na kompyuta ya wati 300 ikifungwa pawasaplai ya 850 itaendelea kula kiasi kilekile.

Badiliko la kwanza, na ndilo ningewaomba mlifanye leo usiku, ni kuweka kikomo cha fremu. Skrini nyingi zilizo majumbani kwetu huonyesha picha mpya mara 60 kwa sekunde. Gemu isiyo na kikomo inaweza kuitengenezea kadi kazi ya fremu 150 au 200, na skrini haiwezi kuzionyesha zote. Umeme wa fremu hizo umekwenda bure. Ndani ya mipangilio ya gemu nyingi kuna sehemu ya kikomo, na isipokuwepo, programu ya kadi yenyewe, ya Nvidia au ya AMD, inayo. Wekeni 60. Anayecheza mpira kwenye kompyuta, na najua ndio wengi humu, hatapoteza kitu.

Tena msisahau kurasa za menyu. Julai 2021, wakati wa majaribio ya gemu ya New World ya kampuni ya Amazon, baadhi ya kadi za RTX 3090 zilikufa mikononi mwa wachezaji. Menyu ya gemu hiyo ilikuwa ikichora fremu bila kikomo, picha nyepesi isiyo na kitu, kwa kasi ya ajabu. Watengenezaji wa kadi, EVGA, walieleza baadaye kuwa kadi hizo zilikuwa na kasoro ya uchomeleaji, wakazibadilisha. Amazon nao wakaongeza kikomo kwenye menyu. Kasoro ilikuwa ya kadi, lakini kisa hicho kinatufundisha jinsi ukurasa ambao hakuna anayecheza unavyoweza kuivuta mashine hadi mwisho. Kijana anaacha menyu wazi, anakwenda kula, na mita inapepesa mbio.

Kuna wanaoshindana kwa kulenga shabaha, wenye skrini za 144, watakaoniambia kuwa fremu nyingi humfanya mchezaji aone mapema. Wana haki. Basi nao waweke 140 wakati wa mashindano na 60 wakati wa kucheza kwa starehe. Vilevile teknolojia za kukuza picha, DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD, zinapunguza kazi ya kadi kwa kuchora picha ndogo kisha kuikuza. Lakini bila kikomo cha fremu, nafuu hiyo inageuzwa yote kuwa fremu za ziada, na umeme unabaki palepale. Viwili hivyo viende pamoja.

Badiliko la pili ni kikomo cha umeme wa kadi. Programu ya MSI Afterburner ni ya bure, inafanya kazi na kadi za kampuni zote mbili, na ina kitelezi cha kupunguza umeme kwa asilimia. Kishusheni hadi 75 au 80. Kadi ya wati 320, kama RTX 3080, itakuwa ya 240 au 256, na katika gemu nyingi itapoteza asilimia chache tu za kasi. Mnielewe vizuri: robo ya umeme inaondoka, na pengine moja ya ishirini ya kasi. Hapa ndipo ninapowasihi vijana. Hamharibu kadi kwa kufanya hivi. Mnaipunguzia joto, feni zake zinapunguza kelele, na ukikosea, mpangilio unarudishwa mahali pake kwa kubonyeza mara moja.

Kushusha volti, ile hesabu ya 1.05 na 0.90, ni hatua ya juu zaidi kidogo, kwa sababu kila chipu ina uvumilivu wake. Kadi mbili za aina moja zilizotoka boksi moja zinaweza kutofautiana. Shusheni kidogo, mcheze gemu nzito kwa nusu saa, mkiona picha zinachafuka au gemu inajifunga, pandisheni hatua moja. Anayeogopa aishie kwenye kitelezi cha asilimia.

Prosesa nayo ina lake. AMD wameweka hali wanayoiita Eco: prosesa ya Ryzen iliyoandikwa wati 105, ambayo kwa kweli huruhusiwa kuvuta hadi 142, ikiwekwa kwenye hali ya 65 inazuiwa isivuke 88. Core i9-13900K ya Intel huruhusiwa hadi 253, na ndani ya BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya msingi ya kompyuta, mwenye mashine anaweza kuizuia kwenye 125. Gemu nyingi hazitumii viini vyote vya prosesa, kwa hiyo hasara huwa ndogo kuliko mtu anavyohofia.

Taa za rangi za ndani ya kompyuta ni wati chache, tusigombane nazo. Kubadilisha pawasaplai ya daraja la ufanisi la shaba kuweka ya dhahabu kunaokoa kama wati 25 kwenye mzigo wa 400, na ni fedha nyingi kwa faida ndogo. Nunueni bora siku ya zamani itakapokufa. Mashine isiyotumika ilazwe, maana hata ikikaa bure kompyuta ya gemu hula makumi kadhaa ya wati.

Kuna jambo la umeme wetu wa jioni. Mitaa mingi ifikapo saa moja usiku volti hushuka, 200, hata 190. Pasi na jagi hapo huvuta mkondo mdogo zaidi, ndiyo maana maji yanachelewa kuchemka. Kompyuta hufanya kinyume. Pawasaplai yake imeundwa iipe mashine kiasi kilekile cha umeme kwa gharama yoyote, kwa hiyo volti zikishuka inaongeza mkondo. Wati 600 kwa volti 230 ni ampea 2.6, kwa volti 190 ni ampea 3.2. Video nyingi wanazotazama vijana kuhusu mambo haya zinatoka Marekani, na huko hali ni ngumu zaidi kwa njia yake: laini ya chumba ni ampea 15 kwa volti 120, jumla wati 1,800, na kanuni zao zinataka mzigo wa saa tatu au zaidi usivuke asilimia 80, yaani 1,440. Hita moja ya chumba ya wati 1,500 imeimaliza laini. Kwa hiyo namba zao za wati kwa kila laini msizichukue kama zilivyo. Mipangilio ya kadi, hiyo ni ileile popote.

Nimalizie na mfuko, kisha nyaya. Karibu kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto chumbani. Katika chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi, wati 220 ulizookoa kwenye mashine zinakiondolea kiyoyozi kazi ya wati 70 hivi. Na LUKU je? Kompyuta ya wati 500 kwa saa tano kila siku, siku 30, inakula uniti 75. Ndicho kikomo cha mwezi cha mteja wa daraja D1, ambaye kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati, alipangiwa kulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Mashine moja imemaliza hisa ya familia nzima, friji na taa bado hazijahesabiwa. Ikishushwa hadi wati 320, inakula uniti 48. Wazazi, badala ya kuzuia gemu, kaeni na kijana mbele ya mita mhesabu naye ile mipepeso. Atajifunza umeme kuliko alivyofundishwa darasani.

Wenye nyumba, hili ni lenu. Kama breka inaendelea kuanguka baada ya kompyuta kupunguzwa na jagi kutenganishwa na pasi, nyumba imezizidi nyaya zake, na mpangaji hana mpangilio wa kuirekebisha. Mwiteni fundi mwenye leseni. Hita ya kuogea iwe na waya wake na breka yake kutoka kwenye bodi ya breka, kiyoyozi vivyo hivyo, jiko vivyo hivyo. Soketi za vyumbani zigawanywe laini mbili badala ya moja, kwa waya wa 2.5. Apime na waya wa ardhi, kwa kuwa boksi la kompyuta ni la chuma na kijana analigusa kwa magoti kutwa. Akimaliza, aandike kwa kalamu juu ya kila breka inalisha chumba gani, na asiondoke kabla hamjazima moja moja mkahakikisha.